Mwaka Tuliowapisha Ningu

Sikuwahi kula samaki hadi nilipoajiriwa kuwatetea. Kwetu Nyeri samaki alikuwa mnyama wa Biblia: alimmeza Yona, akamtapika, kazi yake ikaishia hapo. Mengine ya kwetu nayaacha, maana hayakunifaa kitu mwaka ninaotaka kuusimulia. Ninausimulia kwa sababu wiki jana tulimzika Min Achieng' huko Dunga, na tangu nirudi Nairobi sijaweza kukaa kitini muda wa kutosha kumaliza kikombe kimoja cha chai. Nakaa, nainuka, nafungua dirisha, nalifunga. Binti yangu ameniuliza mara kadhaa nimepoteza nini. Nimemwambia miwani. Miwani iko usoni mwangu, na yeye ni mtoto mwenye adabu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya lugha pamoja na imani kwamba nchi nzima imesimama ikisubiri nifungue mdomo. Nchi haikuwa na habari. Aliyenisubiri alikuwa Daktari Ogola, mtaalamu wa samaki katika kituo kidogo cha utafiti kando ya ziwa, nje kidogo ya mji wa Kisumu. Alikuwa mtu mrefu mwenye haya, aliyezungumza na watu huku akiangalia viatu vyao. Alisoma ng'ambo miaka mingi, na miaka yote hiyo aliisoma aina moja tu ya samaki: ningu. Ningu ana midomo minene na miiba mingi kuliko inavyohitajika. Mwaka mzima hukaa ziwani, lakini mvua ndefu zinapoanza na mito kufura, hupanda mtoni kwenda kutaga mayai kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Na pale mto Nyando unapoingia ziwani, kila msimu, nyavu zilikuwa zimetandazwa zikimngoja. Majike walinaswa wakiwa wamejaa mayai, kabla ya kutaga hata moja. Daktari alikuwa amepasua matumbo ya ningu msimu baada ya msimu, akaandika aliyoyaona kwa Kiingereza safi, yakachapishwa ng'ambo, wenzake huko wakamsifu. "Lakini ningu hawavuliwi Ulaya," aliniambia siku ya kwanza, akiviangalia viatu vyangu vipya. "Wanavuliwa pale." Akanyoosha kidole dirishani, kuelekea ziwa. "Na pale hakuna aliyewahi kuambiwa." Kazi yangu, kwa kuwa haya ilimzuia yeye kusimama mbele ya watu, ilikuwa kuyatia maneno yake katika Kiswahili, kwenda nayo ufuoni, na kuhakikisha yamesikika kabla ya mvua ndefu zijazo. Baada ya mvua hizo wafadhili wangefunga mkoba wao, na Daktari angepelekwa kwingine kusoma samaki wa mtu mwingine.

Chumba nilikipata Dunga kwenyewe, kwa mjane mfanyabiashara wa samaki ambaye kila mtu alimwita Min Achieng', yaani mama yake Achieng', kwa sababu ya bintiye mkubwa. Hiyo ilikuwa miaka ambayo, kwa siasa zilizowatenga watu wa kwetu na watu wa ziwa, mtu wa Nyeri akihamia Kisumu kwa hiari yake alionekana ama jasusi ama mwendawazimu. Min Achieng' alinitazama kwa makini, kuanzia nywele hadi masanduku, akaamua kwamba mimi si jasusi. Akaniita Nyar Nyeri, binti wa Nyeri, na jina hilo halikunitoka tena. Nyumba yake ilikuwa ya udongo uliosiribwa vizuri, paa la mabati, sebule yenye viti vya mbao vilivyovishwa vitambaa vya kufuma, na nyuma yake kibanda cha kukaushia samaki kwa moshi. Moshi huo ulikuwa mpangaji kuliko mimi. Ulilala kwenye blanketi langu, ukavaa magauni yangu, ukaenda nami ofisini. Katika chumba changu palikuwa na kitanda, msumari wa kutundikia nguo, na cherehani ya Min Achieng', ambayo aliingia kuikanyaga asubuhi bila kubisha hodi, akishona sare za watoto wa majirani huku mimi nikijifanya nimelala. Ukuta kati yangu na sebule haukufika darini. Kila lililosemwa upande ule lilipanda, likavuka, likaniangukia kitandani.

Jioni ya kwanza aliniandalia ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, mwekundu, mzito, na bakuli la ningu wa mchuzi. Nyumbani kwake mayai ya samaki yalikuwa ya mgeni. Aliyachota yote, akayaweka mbele yangu, akarudi nyuma akafunga mikono kifuani kungoja. Nilikuwa nimesoma sana kuhusu mayai yale. Asubuhi ile ile nilikuwa nimetafsiri ukurasa mzima unaoyahusu. Sikuwa nimewaza kwamba yana ladha. Nikala kijiko kimoja kwa uoga, kisha nikashika kipande cha samaki na kukitafuna kama ninavyotafuna mbuzi, na mwiba ukanisimama kooni. Achieng', msichana mwembamba aliyekuwa akingoja kuingia sekondari mwaka unaofuata, alinitazama nikitoa machozi kwa hamu ya mtu aliyeingia sinema bure. "Meza ugali," alisema mama yake kwa utulivu. "Tonge kubwa. Usitafune, meza tu." Nikameza. Mwiba ukashuka. "Na huyu," Achieng' aliuliza, "ndiye serikali imetuma kufundisha watu mambo ya samaki?"

Nilifanya kazi ya tafsiri kwa bidii ya kutisha. Nikiyasoma makaratasi yale leo natamani kumwomba radhi mtu, ila sijui nani. Kiswahili changu kilikuwa cha vitabuni, kimepigwa pasi, kina vifungo hadi shingoni. Nilisimama nacho mbele ya wavuvi ndani ya banda la kupimia samaki hapo Dunga, Daktari akiwa ameketi kando yangu na tai yake, na mzee wa ufuo, yaani msimamizi wa wavuvi, akinitafsiria kwa Kijaluo. Nilisema aya nzima. Yeye akasema maneno machache. Nikasema aya nyingine. Yeye akakohoa, akasema neno moja, watu wakacheka. Lakini mwisho wake ulikuwa mzuri ajabu. Mzee wa ufuo alisimama akavua kofia. "Daktari," alisema, "haya maneno ni kweli mia kwa mia. Sisi wanaume ya hapa tumekubali. Mvua ikikuja, hakuna wavu itawekwa kwa mdomo ya mto." Wakapiga makofi kwa nguvu. Mtu mmoja akauliza kama kuna soda. Wakati wa kurudi kituoni Daktari aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu tujuane, akasema labda tumekuwa tukiwadharau wavuvi bure, kwamba kumbe ukimweleza mtu ukweli kwa lugha anayoielewa, anaupokea. Sikumsahihisha kuhusu hiyo lugha.

Jioni ile nilikuwa chumbani nikiandika barua ya kujisifu kwa rafiki yangu wa chuo, wakati Min Owiti alipoingia sebuleni. Huyu alikuwa rafiki wa Min Achieng', mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta, aliyeuza samaki Manyatta na hakuwa na uwezo wa kunong'ona. Walizungumza Kijaluo, na mimi nilikuwa nimekwisha kukijua cha kutosha kufuata umbea, ambao ndio sehemu ya lugha ambayo mtu hujifunza kwanza.

"Wamekubali," alisema Min Owiti.

"Wamekubali nini?"

"Kuacha mto. Mpaka kofia ikavuliwa."

"Ai yawa! Na nyavu ni za nani?"

Hapo kicheko kilipanda kikagonga mabati. Walicheka hadi mmoja wao akaomba maji. "Mzee wa ufuo amenitolea nyavu zangu sadaka," alisema Min Achieng' aliporudiwa na pumzi. "Mkarimu huyo. Kesho atoe na ng'ombe wa shemeji."

Nilibaki na kalamu hewani. Nilikuwa nimekaa katika nyumba ile tangu mwezi wa nane. Nilikuwa nimeona, kila alfajiri, mwanamke huyu akisimama ukingoni na kuwapokea wanaume na mashua. Nilidhani anasubiri kununua. Kumbe nyavu alizinunua yeye, kwa faida ya samaki wake, na Min Owiti ndiye mwenye mashua, na wajane na wachuuzi wengine wa Dunga vivyo hivyo. Wanaume walikwenda majini, wakapata fungu lao, na hakuna aliyewadharau kwa hilo. Lakini wavu utandazwe wapi, hilo liliamuliwa na anayejua soko linataka nini. Na soko, mvua zikianza, lilitaka ningu mwenye mayai. Sisi tuliitisha mkutano, tukawaita wenye suruali, tukawaomba waachie kitu kisichokuwa chao. Ndiyo maana walikubali kwa moyo mkunjufu namna ile.

Asubuhi alipoingia kukanyaga cherehani sikujifanya nimelala. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Hakuacha kushona. "Uliniuliza? Wewe unakula hapa, unalala hapa, unaniuliza maji ya kuoga iko wapi. Mambo ya nyavu hujaniuliza." Nilikwenda kituoni karibu nikikimbia, nikamweleza Daktari. Alikuwa ameshika chupa ya samaki aliyehifadhiwa kwenye dawa, akaiweka chini taratibu. Yeye alizaliwa kando ya ziwa hili hili, ufuo mwingine. "Mama yangu alikuwa na nyavu," alisema. Kisha akaongeza, kana kwamba anasoma jambo hilo mahali kwa mara ya kwanza: "Nimesomeshwa na hizo nyavu." Aliinuka, akaenda mlangoni, akarudi, akakaa, akainuka tena. Nilidhani ananilaumu. Siku hizi, nikijikuta nami nimesimama katikati ya chumba bila kujua nimefuata nini, nadhani najua alikuwa akifanya nini: alikuwa akimtafuta mama yake katika kurasa zote alizoandika, na hakumkuta.

Alikuja nyumbani Jumapili, baada ya kanisa, na tai yake, na kikapu cha chupa. Wanawake wenye nyavu waliijaza sebule, na kwa heshima yangu wakazungumza Kiswahili. Daktari alipewa kiti chenye kitambaa kizuri zaidi, akapanga chupa zake mezani: jike mwenye mayai, mayai peke yake, vitoto vya ningu vyembamba kama nyuzi.

"Mumeweka samaki kwa pombe?" aliuliza Min Owiti.

"Ni dawa, Mama. Isioze."

"Ingekuwa pombe wanaume wangekuja kusoma."

Min Achieng' hakucheka. Aliinua chupa ya vitoto, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Mimi najua hivi," alisema. "Hii samaki inatoka juu. Mafuriko ndiyo inaleta, kutoka milimani. Mungu anatuletea kwa mlango."

"Hapana, Mama. Wanatoka hapa ziwani. Wanakwenda juu kuzaa, halafu wanarudi."

"Umeona?"

"Nimeona."

"Na macho yako? Si kitabu?"

"Nilikaa kwenye nyasi kule Ahero, majini, siku nyingi, nikiwaangalia."

"Bibi yako alisema nini?" aliuliza Min Owiti, na sebule ikaanguka kwa kicheko, na Daktari naye akacheka, jambo ambalo sikujua kwamba lilikuwa kwenye uwezo wake. Kisha Min Achieng' akarudisha chupa mezani na kuuliza swali ambalo ndilo tuliloliogopa bila kulijua. "Sawa. Tuseme ni kweli. Nikiwapisha, mimi nitakula nini? Huyu msichana ameingia Form One. Mwaka mzima nauza ngege, nauza omena, tunaishi. Lakini karo ni mvua. Karo yake ni hiyo wiki ya ningu, hakuna ingine."

Achieng' alikuwa amesimama mlangoni, nyumbani kwa mapumziko, na sare yake mpya ikiwa imetundikwa kwenye msumari wangu. Wote walimgeukia, kisha wakamgeukia Daktari. Nami nilikuwa nimejiandaa kutafsiri, ingawa hapakuwa na haja. Daktari aliangalia miguu ya Min Achieng', ambaye hakuwa amevaa viatu. "Sijui, Mama," alisema. Nilikuwa nimezitafsiri kurasa zake zote, na hakuna hata moja iliyokuwa na neno hilo. Min Achieng' alimtazama kwa muda, jinsi alivyonitazama mimi siku ya kwanza na masanduku yangu. "Mwaka moja," alisema. "Nikiona ni uongo, nitakuja pale ofisi yako, hiyo machupa nitavunja yote."

Kisha tukaanza kungoja mvua, na sijawahi kuishi katika nyumba yenye watu wengi wasiotulia namna ile. Joto lilikuwa limeshika mabati. Mawingu yalijenga upande wa milima ya Nandi kila alasiri, yakabomoka. Nyavu za Min Achieng' zilikuwa zimetundikwa juu ya ua uliozunguka nyumba, zimefumwa upya pale palipotoboka, nzuri, tayari, na kila alipopita alizigusa kama mtu anayegusa paji la mtoto mwenye homa. Alianza kushona nguo, akaiacha. Alikwenda hadi ukingoni bila shughuli, akarudi. Mimi nilikuwa nikingoja jibu la barua niliyoandika kuomba nafasi ya kusoma ng'ambo, kwa sababu mwaka ule sikuweza kukaa mahali bila kupanga kuondoka, na nilikwenda posta mara nyingi kuliko yule mpeleka barua. Mvua ilipofika ilifika yote kwa pamoja. Ilipiga bati hadi tukawa tunazungumza kwa ishara, na kesho yake maji ya ziwa kule kusini yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Min Achieng' alisimama mlangoni akitazama upande wa mto. "Wanapita," alisema. Akaingia ndani. Akatoka tena. "Wanapita, Nyar Nyeri."

Siku chache baadaye Min Owiti alishindwa. Alikuwa na watoto wengi kuliko rafiki yake, na soko la Manyatta lilikuwa likimuuliza kila siku. Mashua yake ilikwenda mdomoni mwa mto na nyavu za dada yake, ikarudi imelemewa na uzito. Hakujificha. Alituma beseni la ningu nyumbani, limefunikwa kwa majani, kwa heshima ya urafiki, na urafiki ni urafiki, beseni haliwezi kurudishwa lilivyo. Min Achieng' akawapika. Tulikuwa tumekula mboga ya osuga na omena, vile vidagaa vya ziwani, siku nyingi, na harufu ile ilifanya hata Achieng', aliyekuwa amerudishwa nyumbani na shule kwa sababu ya karo, asogee mezani. Mama alichota mayai yote, akayaweka mbele yangu.

"Mama, siwezi," nilisema.

"Kwani umekuwa mwenyeji?"

"Ndio hao hao tunaowaachia."

"Hao wamekufa. Kula. Wewe ndiye mgeni hapa."

Achieng' alinikazia macho. Nikayala. Nilisoma baadaye vitabu vingi vya watu waliojaribiwa imani yao, na wote walijaribiwa kwa mambo makubwa, moto na simba. Mimi nilijaribiwa kwa bakuli, na nikalikomba. Yalikuwa matamu sana. Kuanzia siku hiyo Achieng' hakunisalimia kwa namna nyingine. "Ningu wako wameamkaje?" aliniuliza kila asubuhi, akiwa amekaa kwenye kizingiti na vitabu vya shule asiyokwenda. "Wameshiba? Wamelala vizuri?"

Daktari, aliyetaka sana Min Achieng' aone na macho yake na si kitabu, alikuja na gari la kituo akatuchukua hadi upande wa Ahero, pale mto ulipovunja kingo na kumwagika kwenye nyasi za Kano. Maji yalikuwa ya kina cha magoti, yametulia, na nyasi zilikuwa zikitikisika bila upepo. Daktari alivua viatu, akakunja suruali, akainama, akamwonyesha Min Achieng' kwa kidole. Ningu. Migongo yao ilitokeza, ikazama, ikatokeza. Waliviringana kwenye nyasi kama watoto wanaogombania blanketi. Min Achieng' alisimama na maji yakimloweka gauni, mkono mdomoni. Nilidhani analia. Kisha nikaona anachokitazama. Mbele kidogo, kutoka nyasi hadi nyasi, palikuwa na uzio wa matete, na kwenye kila pengo la uzio kikapu, na nyuma ya vikapu wanawake wa pale, magauni yamefungwa kiunoni, wakiwamimina ningu kwenye masufuria huku wakiimba.

Min Achieng' aliwaendea moja kwa moja, maji yakiruka. "Hao ni samaki wangu!" aliwapigia kelele.

Mama mmoja mzee, mwenye kiko mdomoni, aligeuka bila haraka. "Wako? Umewatia alama?"

"Mimi ndiye nimewaachilia! Nyavu zangu ziko juu ya ua. Mtoto wangu amekaa nyumbani. Nimewapisha pale chini wapite!"

Mama yule alifikiri kidogo, akatoa kiko. "Basi asante," alisema. "Wamefika."

Daktari alifungua mdomo kueleza. Min Achieng' alimnyamazisha kwa kiganja bila kugeuka. Alisimama pale, amelowa hadi kiunoni, na kitu kikaanza kumtikisa mabega, na hatimaye kikatoka, na kilikuwa kicheko. Alicheka, wale wakacheka, mtu akampa kigoda kilichokuwa juu ya kichuguu. Akakaa, akawaeleza. Alichukua muda mfupi kuliko aya yangu ya kwanza. Mto, mayai, nyasi, vitoto, kurudi. Ukikamata wote hapa hakuna atakayeshuka kwangu. Nikikamata wote kule hakuna atakayepanda kwako. Yule mama mzee alisikiliza akivuta kiko. Mwishowe aliingia majini, akang'oa kikapu kimoja kutoka kwenye uzio, kimoja tu, akakitupa kando, akaacha pengo wazi. Wengine walimtazama, wakarudi kwenye kazi yao. Ningu mmoja alipita kwenye pengo lile. Sote tuliona.

Ningependa kuandika kwamba pengo moja lilitosha. Wiki iliyofuata niliamka asubuhi na chumba kilikuwa kimya. Mahali pa cherehani palikuwa na alama nne za miguu yake sakafuni. Min Achieng' alisema ilikuwa imeanza kukata nyuzi. Achieng' alirudi shule muhula ukiwa umekwenda nusu. Barua yangu ya ng'ambo ilijibiwa, nikaondoka kabla ya mwaka kwisha, na Daktari akahamishwa, akaziacha chupa zake kwa mtu ambaye sikuwahi kujua jina lake. Fuo nyingine hazikuambiwa, au ziliambiwa kwa Kiswahili kama changu. Miaka ilivyokwenda ningu walipungua, kisha mbuta, yule samaki mkubwa aliyepandikizwa, akajaa ziwani akawameza wadogo wa kila aina, na viwanda vya minofu vikafunguliwa, na vijana wa Kisumu wa leo ukiwatajia ningu wanadhani unazungumzia jamaa wa zamani aliyehamia Tanzania. Nimeandika insha nyingi kuhusu mambo mengi. Hii sikuiandika. Kila nilipoanza niliinuka kitini.

Mazishi yalikuwa mwanzo wa mvua ndefu. Nilifika Dunga mapema, nikiwa na hotuba mfukoni, kwa sababu Achieng' alinipigia simu kusema niseme kitu, mimi ndiye mtu wa maneno. Yeye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, mnene kidogo, nywele zimeanza mvi, na nyavu za mama yake ni zake. Nilimkuta akibishana na vijana wa hema. Walitaka kulisimamisha mbele ya nyumba, mahali pazuri, tambarare, ila ua ulikuwa njiani, na juu ya ua, kuanzia kona hadi kona, zilikuwa zimetundikwa nyavu. Nzima, safi, hazijaguswa na maji ya ziwa tangu mvua zianze.

"Auntie, si tuzitoe tu?" alisema mmoja wao, mpwa wake aliyetoka Nairobi, kijana wa suti. "Dakika mbili."

"Hapana."

"Ni nyavu tu. Tutazirudisha."

"Mvua ikianza hazishuki mpaka maji ya mto yapungue," alisema Achieng'. "Nyumba hii ndivyo ilivyo."

"Kwa nini?"

Nikasogea. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza maishani, kueleza jambo hilo, na kwa mazoea mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka. Achieng' hakuninyamazisha kwa kiganja kama mama yake. Aliniangalia tu, yule msichana wa kizingitini, na akajibu yeye.

"Ningu wanapanda," alisema.

Kijana alitazama ua, akatazama ziwa, akanitazama mimi kama mtu mzima aliyebaki na akili. "Ningu gani, Auntie? Si waliisha?"

"Basi waliobaki."

Hema lilisimamishwa kando, limepinda, mguu mmoja shimoni. Halikututosha. Mvua ilipokuja padri alikuwa katikati ya sala, na nusu yetu tulikuwa nje, maji yakishuka shingoni, hotuba yangu ikilowa mfukoni hadi ikawa uji. Nilipoitwa sikuitoa. Nilisimama nikizitazama zile nyavu zikitona maji juu ya ua, na sikumbuki kwamba kuna mtu hata mmoja aliyeomba tena zishushwe.